Safari ya Zimbabwe likizo ya Agosti: magofu yapewe siku ngapi?

Mwalimu wa Historia, Kisumu

Hamjambo ndugu na dada. Naomba ushauri wenu kuhusu safari ambayo mimi na mke wangu tumeiwekea akiba kwa miaka mitatu kupitia chama chetu, na ambayo sasa, Mungu akipenda, itafanyika likizo ya Agosti pamoja na binti yetu aliye kidato cha tatu. Tunakwenda Zimbabwe. Jamaa wameniuliza kwa nini nisiende Dubai kama wenzangu, na jibu langu ni kwamba nimefundisha habari za Zimbabwe Kuu, yale magofu ya mji wa kale wa mawe karibu na Masvingo, kwa miaka kumi na minane, nimechora ule mnara wa mawe ubaoni kila mwaka, na sijawahi kuuona kwa macho yangu.

Hamu hii ilizidi mwaka juzi nilipowapeleka wanafunzi Thimlich Ohinga, yale maboma ya kale ya mawe kule Migori. Mvulana mmoja aliingiza vidole katikati ya mawe akitafuta saruji, akaikosa, kisha akaniuliza, "Mwalimu, sasa ni nini kinachoyashika?" Nilimweleza jinsi jiwe linavyolikalia jiwe jingine na jinsi vijiwe vidogo vinavyokaza nafasi ya katikati. Hata hivyo, nikiwa njiani kurudi Kisumu, nilijua kwamba nami nataka kusimama mbele ya ukuta mkubwa zaidi uliojengwa kwa ufundi wa namna hiyo.

Tunazo siku 13. Wakala mmoja wa safari ametupendekezea siku mbili za Harare, siku tatu za wanyama huko Hwange, siku nne kwenye Maporomoko ya Victoria, siku mbili za Bulawayo, na siku moja tu ya magofu, ambamo tutafika Masvingo na kuondoka siku iyo hiyo; siku inayobaki ni ya ndege. Mke wangu anataka kuona milima na mahali pa baridi, maana amechoshwa na joto la Kisumu. Binti anataka maporomoko. Mimi mnajua ninachokitaka. Je, mpango huu unafaa, au kuna namna bora ya kuzipanga siku hizo? Na je, familia ya watu watatu ni afadhali ikodi gari, au isafiri kwa mabasi ya kawaida?

Bint Njoro, Nakuru

Mwalimu, pokea salamu kutoka Nakuru. Nakusihi usiukubali mpango huo, kwa sababu ndio uliotuponza mimi na dada yangu safari yetu ya kwanza. Tulifika Zimbabwe Kuu saa tano asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, na dereva aliyetumwa na wakala wetu akatutangazia kwamba gari litaondoka saa saba kasorobo. Tuliliona boma la chini mbiombio, mlima tukautazama kwa mbali, kisha tukarudishwa garini. Dada yangu alilia, wala sisemi kwa kutia chumvi. Ilitubidi tukae miaka miwili mingine tukidunduliza fedha za kurudi, na mara ya pili tulijipangia safari sisi wenyewe, tukalala usiku mbili karibu na ziwa Mutirikwi, ambalo si mbali na magofu.

Sababu ya kukuambia ulale hapo ni hii. Eneo lenyewe lina ukubwa wa zaidi ya hekta 700, nalo limegawanyika sehemu tatu: majengo ya mlimani, Boma Kuu lililo chini, na mabaki yaliyotapakaa bondeni kati ya hizo mbili. Kila sehemu ina saa yake. Mlimani pandeni alfajiri, mara tu lango linapofunguliwa, kwa ile njia ya kale inayopenya kati ya majabali. Mahali fulani inakuwa nyembamba kiasi kwamba bega langu la kulia liligusa mwamba na mkoba wangu ukakwaruza ukuta wa kushoto, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mgeni aliyekuja kwa mfalme alilazimika kupanda peke yake, bila mwenziwe pembeni, huku akitazamwa kutoka juu. Waliojenga hawakuyaondoa majabali yale. Waliyaunga kwa kuta, hata usiweze kusema mara moja mwamba unaishia wapi na kazi ya mikono inaanzia wapi.

Boma Kuu liachieni alasiri, jua linapoegemea upande na kila tofali la itale kupata kivuli chake. Ukuta wa nje una mzingo wa mita zipatazo 250 na kimo kinachofikia mita 11, na sehemu ya chini ni mnene kuliko upana wa chumba changu cha kulala. Sogeeni karibu mtazame mawe yenyewe. Mengi si makubwa. Mtu mmoja anaweza kuyabeba mawili. Itale ya pale hupata joto mchana na baridi usiku, ikabanduka kwa tabaka zilizonyooka kama mkate unaokatwa, na mafundi walizivunja tabaka hizo kwa ukubwa unaokaribiana, wakapanga safu juu ya safu, kila safu ikirudi ndani kidogo kuliko iliyo chini yake. Upande wa mashariki, kule juu kabisa, wamepanga mawe kwa mlalo wa pembe-pembe kama mapambo ya mkeka. Ndani kuna njia inayopita kati ya kuta mbili ndefu hadi kwenye mnara ule uliokuwa ukiuchora ubaoni. Una kimo cha mita kumi hivi, hauna mlango, hauna dirisha, na ndani umejaa mawe matupu. Wawindaji wa hazina waliwahi kuuchimba wakidhani umeficha dhahabu, wakaambulia mawe.

Msisahau makumbusho madogo yaliyo papo hapo. Humo wamo wale ndege waliochongwa kwa jiwe laini, jiwe la jinsi ile wanayochonga mafundi wa Tabaka kule Kisii. Waliopatikana ni wanane, na mmoja wao ndiye aliye kwenye bendera ya nchi. Wengine husema ni chapungu, yaani yule tai mwenye mkia mfupi, na wengine husema ni furukombe. Mimi nimekulia karibu na maziwa ya Bonde la Ufa, na kila nilipomtazama nilimwona furukombe, lakini hayo ni macho yangu tu.

Jambo moja zaidi kwako wewe mwalimu wa historia, nalo ndilo lililonigusa kuliko yote. Mwaka 1972 ilipatikana hapo sarafu ya Kilwa, iliyotolewa kwa jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14. Pamoja na shanga za kioo na vyombo vya China vilivyochimbuliwa hapo, sarafu ile inaonyesha kwamba dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, na kutoka Sofala ikapanda kwa majahazi hadi Kilwa. Kwa hiyo mtu anayesema Kiswahili haingii pale kama mgeni kabisa. Watu wa pwani, waliokuwa wakiitumia lugha hii tunayoandikiana, walikuwa wakila faida ya dhahabu ile karne saba zilizopita.

Ushauri wangu: usiku mbili Zimbabwe Kuu, na ikiwezekana tatu. Punguzeni siku za maporomoko ziwe mbili au tatu, maana mkiisha kulowa na kupiga picha, siku ya nne itakuwa ya kuzunguka madukani.

Mwalimu wa Historia, Kisumu

Dada, nimesoma maneno yako mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mke wangu kwa sauti. Habari ya sarafu ya Kilwa nilikuwa naifahamu kwa juu juu tu, wala sikuwahi kuiunganisha na kipindi changu cha biashara ya pwani. Muhula ujao nitaiunganisha. Usiku mbili za Zimbabwe Kuu zimekwisha kuandikwa. Sasa nisaidieni kuhusu njia, fedha na gari.

Mhandisi wa Maji, Kakamega

Ndugu mwalimu, niliishi Bulawayo kwa miaka miwili kwa ajili ya kazi, kwa hiyo nitajibu yale ninayoyajua kwa kuyapitia.

Kuhusu hati, sisi Wakenya hatuhitaji viza ya kuingia Zimbabwe, lakini thibitisheni na ubalozi kabla ya kulipia tiketi, maana masharti hubadilika. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, kwa kuwa tunatoka nchi inayohesabiwa kuwa na ugonjwa huo. Bebeni pia nakala ya cheti cha kuzaliwa cha binti. Malaria iko kwenye mabonde ya chini na upande wa Zambezi, ilhali nyanda za juu hazina shida kubwa. Muulizeni daktari kuhusu dawa za kinga, wala msijidanganye kwamba mtu wa Kisumu hawezi kuugua malaria ya mahali pengine.

Kuhusu fedha, nchi ina sarafu yake iitwayo ZiG, iliyoanzishwa Aprili 2024, lakini dola ya Marekani ndiyo inayotumika kila mahali, kuanzia hoteli hadi kwa mama anayeuza nyanya. Tatizo ni chenji. Ukimpa mwenye duka noti ya dola 20 kwa kitu cha dola 3, huenda akakurudishia peremende, kalamu au karatasi aliyoiandika deni lako kwa mkono. Nendeni na noti nyingi za dola 1, 2 na 5, ziwe safi na zisizochanika, kwa sababu noti iliyochakaa hukataliwa.

Kuhusu gari, familia ya watu watatu wenye siku 13 na wahitaji wa vituo vingi itafaidika zaidi kwa kukodi. Mabasi makubwa yapo kati ya miji, na zipo pia kombi, ambazo ndizo matatu zao, lakini hazitawafikisha milangoni mwa magofu wala kwenye mapango. Wao huendesha kushoto kama sisi. Kutoka Harare hadi Masvingo ni kilomita 290 hivi, na magofu yako karibu kilomita 30 mbele ya mji. Masvingo hadi Bulawayo ni kilomita 280, na Bulawayo hadi Maporomoko ya Victoria ni 440. Kipande hicho cha mwisho kina mahali palipochakaa, kwa hiyo kitengeeni siku nzima. Kuna vituo vya tozo ya barabara na vizuizi vya polisi. Salimieni kwa heshima, onyesheni karatasi, mtapita. Ninalowakataza kabisa ni kuendesha usiku. Ng'ombe na punda hulala juu ya lami kwa kuwa imehifadhi joto la mchana, na mwili wa punda una rangi ile ile ya barabara. Siku moja, magharibi, nilimkosa mmoja kwa upana wa kiganja, na tangu siku hiyo kila saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeshaegesha.

Bulawayo ipeni usiku tatu. Kilomita zipatazo 22 magharibi ya mji kuna magofu ya Khami, ambayo wageni wengi huyaruka, nayo ndiyo sura inayofuata ya hadithi ile ile: Zimbabwe Kuu ilipofifia katikati ya karne ya 15, Khami ikawa makao makuu ya dola ya Torwa. Huko kuta hazikuzunguka ua, bali zilishikilia vilima vya udongo ambavyo juu yake nyumba zilijengwa, nazo zimepambwa kwa mpangilio wa miraba kama ubao wa dama. Utapakuta pakiwa kimya; siku niliyokwenda tulikuwa watu wanne pamoja na mlinzi.

Kusini ya Bulawayo, mwendo wa kilomita 35 hivi, kuna vilima vya Matobo. Mtu aliyezoea majabali ya Kit Mikayi kule Kisumu, au sisi wa huku tunaopita kila siku kando ya jiwe linalolia la Ilesi, atapata kizunguzungu, kwa sababu kule majabali yaliyobebana si moja wala mawili, ni nchi nzima ya majabali hadi macho yanapokoma. Katika mapango ya Nswatugi na Silozwane mna michoro ya Wasan, wawindaji wa kale wa huko: twiga na swala na watu wanaokimbia, ambayo bado inaonekana vizuri. Huko pia ndiko alikozikwa mkoloni Mwingereza Cecil Rhodes mwaka 1902, juu ya jabali ambalo wenyeji huliita Malindidzimu, mahali pa mizimu. Nendeni mpaone, kisha mzungumze na binti yenu kuhusu mtu kujichagulia kaburi mahali patakatifu pa watu aliowanyang'anya ardhi.

Chakula hakitawasumbua. Sadza ni ugali wa mahindi meupe, muriwo ni mboga za majani, na kapenta waliokaushwa hawana tofauti kubwa na omena wenu. Kapenta hao, kwa asili, ni dagaa wa Ziwa Tanganyika waliopandikizwa katika ziwa la Kariba miaka ya 1960.

Mstaafu wa Jiografia, Bungoma

Nimewasoma wote kwa makini, na ninakubaliana nanyi kuhusu magofu, lakini naona mmemsahau mama. Amesema anataka milima na baridi, na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Katika mpango wa wakala, siku tatu za Hwange ndizo zinazopaswa kuondolewa. Hwange ni hifadhi kubwa na nzuri, sibishi, na Agosti wanyama hukusanyika kwenye visima vinavyopigwa pampu kwa kuwa hifadhi haina mito ya kudumu. Lakini watu wa Kisumu wana hifadhi ya Ruma kwa upande mmoja, na Nakuru na Mara kwa upande mwingine. Tembo watawaona nyumbani kwa nusu ya gharama. Nyanda za juu za mashariki hazina mfano wake hapa kwetu.

Wengi huogopa kwenda Nyanga kwa sababu wanafikiri ni lazima warudi Harare kabla ya kushuka Masvingo. Si lazima. Tokeni Harare kuelekea mashariki kupitia Rusape hadi Nyanga, mwendo wa kilomita 270 hivi. Laleni huko usiku mbili. Mlima Nyangani una kimo cha mita 2,592, ndio mrefu kuliko yote nchini, na kupanda na kushuka ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye afya. Ila ukungu ukianza kutanda, geukeni mara moja, kwa maana hushuka ghafla na watu wamewahi kupotea. Usiku wa Agosti bado ni wa baridi, kwa hiyo mama apewe sweta mbili na atafurahi.

Na huko nako kuna magofu, mwalimu, ila si ya wafalme. Milima ya Nyanga imejaa matuta ya mawe yaliyojengwa ngazi kwa ngazi na wakulima wa kawaida, pamoja na mashimo yaliyojengewa kuta ambamo walifuga ng'ombe wadogo, na njia ya kuingilia ikipita chini ya nyumba ya mwenyewe ili mwizi asipite bila kusikika. Mtu wa Nakuru ayalinganishe na mashimo ya Sirikwa pale Hyrax Hill, ambayo nayo yalikuwa mazizi. Zimbabwe Kuu itawaonyesha mahali alipokaa mwenye dola. Nyanga itawaonyesha waliolima.

Kisha msirudi nyuma. Shukeni kusini hadi Mutare, mkalale, na asubuhi mfuate barabara ya Masvingo kupitia daraja la Birchenough juu ya mto Save. Hiyo ni safari ya kilomita 300 hivi, nami naihesabu kuwa darasa bora la jiografia nililowahi kuhudhuria. Asubuhi mtakuwa kwenye misonobari na baridi. Adhuhuri mtakuwa chini kwenye joto kali, mibuyu imesimama pande zote za barabara, na daraja la upinde wa chuma lililofunguliwa mwaka 1935 likionekana kwa mbali kabla hamjauona mto wenyewe. Kisha jioni mtapanda tena uwanda wa itale mkaingia Masvingo. Miti waiitayo musasa huanza kutoa majani mapya kati ya Agosti na Septemba, na majani hayo hutoka mekundu kama divai kabla ya kugeuka kijani. Mkiwa na bahati mtaikuta.

Kuhusu maporomoko, siku mbili na nusu zinatosha, kama alivyosema binti wa Njoro. Agosti ni wakati mzuri. Aprili mto unapofurika, manyunyu huwa mazito hata msione chochote mbele yenu, na kufikia Oktoba na Novemba maji hupungua hadi sehemu kubwa ya mwamba hubaki tupu. Agosti mtaona ukuta wa maji na mwamba kwa pamoja. Upana ni mita 1,708 na kina cha mporomoko hufikia mita 108, na sehemu kubwa huonekana kutoka upande wa Zimbabwe. Wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi ungurumao, kabla Livingstone hajafika hapo mwaka 1855 na kuyapa jina la malkia wake.

NyarMigori

Mwalimu, mimi nina neno moja tu. Kabla ya kwenda huko, mpeleke binti yako Thimlich Ohinga, maana umesema uliwapeleka wanafunzi lakini hukusema ulimpeleka yeye. Apite mwenyewe katika lile lango la boma la Kochieng, ainame kama adui alivyolazimishwa kuinama, ndipo atakapojua cha kutazama akifika kwenye njia nyembamba ya Zimbabwe.

Lakini nakuomba pia uwe mwangalifu darasani. Nimewasikia walimu wakisema kwamba waliojenga kwetu ni watu wale wale waliojenga Zimbabwe, ati kwa sababu pote hakuna saruji. Zimbabwe Kuu ilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 15, na Thimlich Ohinga inahesabiwa kuanza karne ya 16. Mawe si sawa, na hata namna ya kuyapanga si sawa. Kwao mwamba ulibanduka vipande vilivyonyooka, wakapanga safu. Kwetu mawe ni ya maumbo ya kila namna, kwa hiyo fundi alijenga uso wa nje na uso wa ndani, kisha akakaza katikati kwa mawe madogo. Kila jamii ilitatua tatizo lake kwa mawe yake. Heshima hiyo tusiwanyime wazee wetu kwa kuwafanya wanafunzi wa watu wengine, hasa tukikumbuka kwamba Wazimbabwe wenyewe waliwahi kunyimwa heshima hiyo hiyo.

Mwalimu wa Historia, Kisumu

Nimekubali kuonywa, dada wa Migori, na umenigusa mahali penyewe. Somo hilo la kunyimwa heshima ndilo ninalolipenda kulifundisha kuliko yote. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alisema mwaka 1905 kwamba waliojenga Zimbabwe Kuu ni Waafrika, mwenzake Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha mwaka 1929 kwa uchimbaji wa makini, na bado utawala wa walowezi uliendelea kupendelea ngano kwamba waliojenga ni Wafoinike au watu wa Malkia wa Sheba, hata Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale na aliyezikataa ngano hizo, akaondoka nchini mwaka 1970. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ilichukua jina lake kutoka kwa magofu yale yale, na mtu wa lugha yetu hahitaji kutafsiriwa sana anaposikia Washona wakisema *dzimba dza mabwe*: nyumba za mawe.

Jana jioni tuliketi mezani na ramani, na mpango sasa ni huu. Usiku mmoja Harare, mbili Nyanga, mmoja Mutare, mbili Zimbabwe Kuu, tatu Bulawayo na tatu kwenye maporomoko, ambako tutaliacha gari na kupanda ndege ya kurudi nyumbani. Hwange imeondoka. Mke wangu amemtumia mstaafu wa Bungoma shukrani nyingi, na ameshaanza kununua sweta. Nitauliza gharama ya kuliacha gari katika mji tofauti na tulikolichukulia.

Jumamosi hii tunakwenda Thimlich Ohinga watatu. Binti amechukua kamba ya katani ya mama yake, amefunga fundo kila nusu mita, na anataka kupima unene wa ukuta wa Kochieng langoni, kisha kuibeba kamba iyo hiyo hadi Boma Kuu. Bint Njoro, je, walinzi wa kule watamruhusu?

Bint Njoro, Nakuru

Kamba ni jambo jema sana, mwalimu. Aende nayo kwanza kwa wahudumu wa langoni awaeleze anachotaka kufanya, na aombe mwongoza wageni afuatane naye. Unene wa ukuta ataupata mlangoni, akinyoosha kamba ardhini kutoka uso mmoja hadi mwingine, bila kuhitaji kuegemea wala kupanda. Juu ya kuta asikanyage kabisa, kwa kuwa jiwe moja likitikisika hapo hakuna kitu kinachoyazuia mengine. Kamba iwe na zaidi ya mita sita. Ya kwetu ilikuwa mkanda wa fundi cherehani, na ilitubidi tuuhamishe mara nne.